Alamu inayolia mchana nyumba ikiwa tupu
Ndugu, kama alamu yako ya wezi hapo Tabora hulia mchana nyumba ikiwa tupu, na usiku hutulia, sidhani kwamba sensa yake ya mwendo ni mbovu. Sensa ya aina hiyo haioni mtu, bali hupima mabadiliko ya joto mbele yake, hivyo jua la kiangazi linapopenya dirishani na kupasha sakafu, au pazia likipeperushwa na upepo wa moto, yenyewe huhesabu kuwa kuna mwendo. Ihamishie kwenye kona isiyotazama dirisha, kimo cha mita 2 hivi, ili anayeingia akatize mbele yake badala ya kuielekea moja kwa moja. Mjusi akipita juu ya lenzi naye hutosha kuamsha mtaa mzima. Betri iliyochoka ibadilishe kwanza.