Maswali yenu: mbona "mwanaharakati" siku hizi limekuwa tusi?

Nikisema tu mabinti wamalize shule naitwa feministi, tena kwa dharau. Mamangu anasema enzi zao waliitwa "wa Beijing". Kwani jina huharibika vipi? (Dada, Malindi)

Dadangu, mamako yuko sawa kabisa. 1995 UN ilifanya mkutano wa nne wa dunia wa wanawake kule Beijing, kina mama wa Kenya wakaenda, na waliporudi ikawa mwanamke yeyote akidai kitu, hata urithi wa babake, anaambiwa "usituletee mambo ya Beijing hapa". Na mambo yenyewe yalikuwa shule za wasichana, afya ya kina mama, kupigwa majumbani, lakini nani aliuliza? Mchezo ndo huo, anatafutwa mmoja mwenye maneno makali anazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka anaonekana ndo wote, halafu jina linabaki la kumnyamazishia mtu. Nishaona barazani hapa Lamu, mama mmoja kaomba kina mama waongezwe viti kwenye kamati ya BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi, jamaa akasema "haya, Beijing imefika", watu wakacheka weee, hoja ikafia hapo hapo, hata mmoja hakuuliza ni viti vingapi. Inaniuma mpaka leo.

Tulipokataa makaa ya mawe tuliitwa wapinga maendeleo, wanaharakati wa kulipwa. Tuliwache hili jina? (Mvuvi, Lamu)

Msiliwache kakangu. Mlikuwa mnakataa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, hapa Lamu, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake manake wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Kote huko kilichoangaliwa ni kama watu waliulizwa na bahari imeharibiwa vipi, sio nani anaitwa nani.

Ila siwafichi, wapo wanaolichafua wenyewe, mtu ufuoni haonekani lakini semina ya hoteli yenye posho yeye ndo wa kwanza kufika, na watu wanaona. Bandikeni hesabu za kikundi ukutani, pesa imetoka wapi imeenda wapi, kila mtu asome. Akija wa kusema mmelipwa mpelekeni pale.

Kuna jina lililowahi kusafika?

Yapo. Suffragette lilitungwa na Daily Mail la Uingereza 1906 kuwabeza wanawake waliodai kura, wao wakalibeba, 1912 wakaliita gazeti lao jina hilo hilo. Na hapa kwetu Mau Mau, wenyewe walijiita jeshi la ardhi na uhuru, mkoloni akawapiga marufuku 1950 na hiyo marufuku ikakaa hata baada ya uhuru mpaka 2003, hebu fikiria! Wazee wakaenda mpaka korti za London, na 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wahanga 5,228. Wengi walishazikwa na jina baya, ndo maana mtu akiniambia "subirini tu litasafika lenyewe" mimi simkubalii.

Na hili "woke" la mitandaoni?

Limetoka kwa Wamarekani weusi, kuambiana kaeni macho na dhulma. Sasa wanasiasa wa huko wanatukania watu. Anayekuita hivyo huku Pwani muulize tu, katika niliyosema unapinga lipi? Akikosa la kutaja, endelea na kazi yako.