Baba Latifa, embe mpe, zabibu subiri

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza Latifa kafikisha miezi sita, aanze na matunda gani na kama hizo zabibu za Dodoma mnaweza kumpa maana zimejaa kila kona, alafu mama mkwe wako anasema wa kwake walianza juisi miezi minne. Mi nakujibu kama mtu wa genge la matunda.

Juisi acheni mpaka atimize mwaka, hata ya kukamua nyumbani, inajaza tumbo sukari alafu ziwa analikataa. Miezi sita ndo wakati wake, ila mwangalie na mwenyewe, shingo imekaza, anakaa akishikiliwa kidogo, kijiko hakisukumi nje na ulimi.

Anza na parachichi. Likiiva unaliponda kwa uma tu, halina nyuzi, lina mafuta mazuri, likiwa zito ongezea maziwa ya mama yake. Ndizi mbivu na papai pia sawa, papai linalainisha choo. Embe chukua dodo lililoiva vizuri, yale ya nyuzi tuachieni sisi wenye meno, na umenye wewe maana utomvu wa ganda unawasha. Na osha tunda hata kama unalimenya, kisu kinaingiza uchafu wa nje.

Ukitaka kujua linafaa, libonyeze kwa vidole viwili, likipondeka bila nguvu mpe. Tofaa bichi halipondeki kwaiyo chemsha kwanza. Zabibu nzima NO kabisa, ni duara, inateleza, inaziba koo kama kizibo cha chupa, hata akifika miaka mitatu minne bado utazikata kwa urefu vipande vinne. Mbegu za stafeli, tikiti, fenesi toa zote.

Anakula amekaa, na mtu yupo hapo, sio yuko na simu. Akikohoa kwa sauti muache atoe mwenyewe, usichokonoe na kidole utasukuma ndani. Ila akinyamaza ghafla, halii, hapumui, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kiwe chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, isipotoka mgeuze ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, unarudia ivo ivo huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. Mkwe wangu ajue hili na dada wa kazi ndo zaidi, yeye ndo anashinda naye.

Tunda jipya mpe moja moja, siku mbili tatu kabla ya lingine, ili akitoka vipele ujue ni lipi. Wekundu kidogo mdomoni kwa chungwa au nanasi ni ukali wake tu, lakini midomo ikivimba au anapumua kwa shida, mbio hospitali.

Asali msimchanganyie chochote kabla ya mwaka, ina vijidudu tumbo lake haliwezi. Na matunda peke yake hayatoshi, umri huu anataka madini ya chuma, kwaiyo maini, maharage, dagaa wa kusaga viwepo, vijiko viwili vitatu mara mbili au tatu kwa siku, tunda lifuate, na ziwa liendelee kama kawaida.

Nimekuwekea maparachichi ya Lushoto, nayatuma na basi la Ijumaa, bado magumu, yafukie kwenye mchele yataiva yenyewe.

Baba yako