Je, nukta ya mgeuko ni kitu kimoja katika kila taaluma?

Ndugu, umeuliza kama nukta ya mgeuko, yaani pale jambo linapobadili mwelekeo au hali, unayotaka kuitumia katika pendekezo lako la utafiti ni ileile anayoizungumzia mwanahisabati, mwanaikolojia (mtaalamu wa viumbe na mazingira yao) na mwanahistoria. Kwa maoni yangu si ileile, na njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuuliza hivi: kilichosababisha badiliko kikiondolewa, je, hali ya awali itarejea?

Katika hisabati swali hilo halimsumbui mtu. Mteremko wa grafu unafika sifuri na kubadili alama, kutoka chanya hadi hasi au kinyume chake, basi. Kule kubadili alama ndiko muhimu, kwa maana grafu ya x kipeo cha tatu ina mteremko sifuri inapopita kwenye sifuri, lakini huendelea kupanda vilevile. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wako jirani na hapo. Kwao mgeuko ni pale maambukizi mapya ya kila siku yanapofika kilele; baada ya hapo jumla ya walioambukizwa bado inapanda, ila kwa kasi inayopungua.

Kwa wanaikolojia ndiko mambo yanapokolea. Mwaka wa 2001 Mholanzi Marten Scheffer na wenzake walieleza jinsi ziwa lenye kina kifupi linavyoweza kupokea fosforasi, kirutubisho cha mimea, kwa muda mrefu bila dalili kubwa, kisha likageuka ghafla kutoka maji maangavu yenye mimea hadi maji ya tope na mwani. Ukiipunguza fosforasi hadi kiwango kilekile kilicholigeuza, halirudi. Sharti uishushe chini zaidi ya hapo.

Hapa kwetu Ziwa Victoria, mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliingizwa miaka ya 1950, lakini idadi yake ililipuka miaka ya 1980, na spishi nyingi za fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Mwanahistoria ataweka mgeuko pale mbuta alipotiwa ziwani, mwanaikolojia pale fulu walipoporomoka, na sioni sababu ya kumsahihisha yeyote kati yao.

Mimi tofauti kati ya mgeuko wa kihisabati na wa kiikolojia niliielewa nilipokuwa nikikusanya takwimu za samaki katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Omena (dagaa) huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa pevu taa hazimvuti vizuri na mitumbwi mingi hubaki ufuoni. Katika daftari la mizani, safu ya omena ilijaa tarakimu usiku wa giza, kisha ikawa vistari vitupu mwezi ulipokomaa. Ukiichora grafu yake unapata vilele na mabonde kila mwezi, yote yakiwa nukta halali za mgeuko kihisabati, ilhali ziwa lenyewe halijageuka hata kidogo. Na hapo hujagusa miezi ambayo serikali hufunga uvuvi wa omena.

Kwa hiyo, kama ulivyosema kwamba una takwimu za mavuno ya miaka miwili tu, ningekushauri uandike wazi katika sura ya kwanza kwamba unatumia maana ya kihisabati, uondoe kwanza athari za mwezi na msimu, na usidai kwamba ziwa limevuka kizingiti, yaani limegeuka kiasi cha kutorudi kirahisi. Dai hilo linahitaji vipimo vya maji na vya samaki vya miaka mingi zaidi, tena vya wakati shinikizo, kama vile fosforasi, likipanda na wakati likishuka. Wasimamizi wataliuliza hilo mapema sana.