Siku tano za Marsabit na Turkana

Ndugu, umeuliza kama siku tano zinatosha Marsabit na Ziwa Turkana kwa kutokea Nairobi. Zinatosha, ila Sibiloi, ile hifadhi ya taifa iliyo kando ya ziwa, iache kwa safari nyingine.

Hadi Marsabit mjini ni lami tupu, unapitia Isiolo. Lala huko siku ya kwanza. Asubuhi ukungu hushuka mlimani mpaka unatafuta sweta, na huku umetoka kwenye jangwa! Ingia msituni uone Ziwa Paradise, lililo ndani ya kasoko ya volkano. Ndimo alimoishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970; alikufa 1974.

Kutoka hapo kwenda Loiyangalani, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Turkana, lami inakwisha na unahitaji gari la 4x4 pamoja na dereva mwenyeji. Ukipitia jangwa la Chalbi, simama ushuke. Gamba la chumvi linavunjika chini ya kiatu kama ganda la yai, na kwenye chemchemi za Kalacha utakuta ngamia wamejaa wakinywa. Mvua ikinyesha usithubutu kukatiza hapo, gari litazama kwenye tope.

Loiyangalani nakusihi ulale siku mbili. Usiku upepo unavuma kwa nguvu ajabu, kwa hiyo hema lako lifunge barabara. Watembelee El Molo, wavuvi wa ziwani, lakini omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Watu wengi wanasahau hilo na inaniuma sana.

Beba maji ya kutosha. Ya ziwa yana magadi.