Wakazi hawaelewi hesabu zangu

SWALI: Mhariri, mimi ni mhandisi kijana wa maji hapa Mwanza. Hivi karibuni niliitwa kwenye mkutano wa mtaa mmoja wa mlimani, niwaeleze wakazi na diwani wao kwa nini maji hayafiki juu. Niliwaonyesha michoro na hesabu za upotevu wa presha. Mwishowe nikaulizwa kama fedha za mradi zimeliwa. Je, ni haki nibadilike mimi, ilhali wao ndio wasioamini taaluma?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Ndugu msomaji, pole, lakini ni haki. Diwani huyo ndiye atakayetetea bajeti ya pampu, na hawezi kutetea asichokielewa.

Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walikuwa wamepinga kisirushwe, kwa hofu kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi hizo ingekakamaa kwa baridi. Hoja yao, iliyotawanyika katika majedwali, haikuwashinda wakubwa, ambao kwa kweli walikuwa na haraka zao. Wiki chache baadaye mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira huo, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu mbele ya waandishi wa habari, kisha akakifungua: mpira ukachelewa kurudia umbo lake. Hakuna aliyehitaji jedwali.

Wewe nawe anzia kwenye jambo ambalo wakazi wanalijua kukuzidi, kwamba huko juu maji hutoka usiku wa manane. Waeleze kuwa mchana, watu wa bondeni wanapofungua mabomba kwa pamoja, maji mengi hupita kwa kasi na kusuguana na kuta za bomba, hivyo presha hupotea njiani. Usiku matumizi yakipungua, inayobaki hutosha kuyapandisha. Ongeza kwamba kila mita 10 za kupanda hula takriban bar 1 ya presha, hata bomba likiwa jipya. Kisha chukua geji, yaani kipimo cha presha, uifunge asubuhi kwenye bomba la bondeni, halafu kwenye lile la juu, na diwani mwenyewe asome namba kwa sauti mbele ya watu.

Usirahisishe hadi ukadanganya, hata hivyo. Ikiwa bomba lililolazwa ni jembamba kuliko lilivyotakiwa, usiusingizie mlima peke yake, maana fundi yeyote wa mtaani aliyeona mtaro ukichimbwa atakuumbua hapohapo.

Swali la fedha kuliwa lijibiwe kwa mchanganuo wa matumizi, ubandikwe ofisi ya mtaa; geji haitakusaidia kwa hilo.