Baloo ikizidi, ibane kwanza

Feni ya laptopu inaunguruma nawe hujafungua chochote? Kama unatumia Linux yenye Plasma, mazingira ya dawati ya KDE, fungua terminali uandike `top`, inayoonyesha programu zinazotumia kichakataji zaidi. Ukiona `baloo_file_extractor` imekaa juu kabisa, mhusika umempata. Ni sehemu ya Baloo, programu inayosoma mafaili yako na kuyawekea faharasa ili utafutaji uwe mwepesi. Ilichukua nafasi ya Nepomuk mwaka 2014, na ni nyepesi kuliko Nepomuk, ingawa mwenye diski ya kuzunguka huenda asikubali.

Wengi hukimbilia `kill`, amri ya kusimamisha programu kwa nguvu. Haisaidii, ukiingia tena kwenye akaunti yako, nayo inarudi. Mimi huanza na `balooctl status`, inayoonyesha mafaili mangapi yameshaingia kwenye faharasa na mangapi yanangoja (kwenye Plasma 6 amri ni `balooctl6`). Kisha `balooctl monitor`, ambayo kwangu ndiyo yenye faida zaidi, kwa kuwa inakutajia faili linalosomwa dakika hiyohiyo. Iache ikimbie kidogo. Mara nyingi utagundua kinachoisumbua ni folda moja tu, yenye PDF nzito au majedwali makubwa ya data. Itoe kwenye faharasa (weka folda yako mahali pa `~/Data`):

`balooctl config add excludeFolders ~/Data`

Bado inasumbua? Iambie isome majina ya mafaili tu, yaliyomo iyaache:

`balooctl config set contentIndexing no`

Hapo ndipo nilipoishia kwenye mashine yangu. Jina la faili hunikaa kichwani. Sentensi iliyomo ndani yake ni nadra niitafute, na nikiihitaji ninayo `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili.

Ukiwa na kazi nzito ya muda mfupi, kama kuhariri video, `balooctl suspend` inatosha, halafu `balooctl resume` ukimaliza. Kuizima moja kwa moja ni `balooctl disable`, lakini faharasa iliyokwisha kujengwa inaweza kubaki ndani ya `~/.local/share/baloo` ikiendelea kula nafasi. Kwa hiyo fuatisha na `balooctl purge`. Zingatia mpangilio huo: ukiifuta faharasa kabla ya kuizima Baloo, itaanza kuijenga upya tangu mwanzo.

Baada ya kuizima, sakinisha `plocate`. Inatafuta kwa majina ya mafaili tu. `sudo updatedb` inasasisha orodha yake, kisha `locate` ikifuatiwa na jina unalolitaka.