Kabla Hujaongeza Paneli, Pima Ulizonazo

Mtu akija hapa Kibirizi, Kigoma, kulalamika kwamba sola yake imechoka, mimi humwuliza: jana ilikupa uniti ngapi? Nina maana ya uniti zilezile tunazonunua kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 kwa saa moja. Wengi hawajui. Wanajua wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli na bei waliyolipa, basi, na wiki inayofuata wako dukani wananunua paneli nyingine.

Zile wati zilipimwa kiwandani, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Kigoma saa saba mchana seli zinaweza kufika 60, na paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Zaidi ya sehemu moja ya kumi imeliwa na joto tu, bado vumbi, waya mwembamba na inveta. Basi fundi asilaze paneli ikagusa bati. Aiinue kwa fremu, upepo upite chini.

Kupima si kazi ngumu. Ingia PVGIS, huduma ya bure ya mtandaoni ya Tume ya Ulaya, uweke alama mahali pako kwenye ramani. Utapata mwanga wa kila mwezi, kwa kilowati-saa kwa kila mita ya mraba. Gawanya kwa siku za mwezi huo na una saa za jua kamili kwa siku, yaani saa za mwanga wa wati 1,000 kama ule wa kiwandani. Tuseme ni 5, na paneli zako ni wati 300: mfumo usiopoteza chochote ungekupa uniti 1.5. Kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, ikionyesha wastani wa 1.1 kwa siku mwezi huo, umepata kama asilimia 73, na kwa sola ya betri hiyo si mbaya hata kidogo. Ikionyesha 0.6, tafuta kivuli, vumbi au kiungo kilicholegea.

Lakini hesabu hiyo ina mtego, na kwa kazi yangu nauona kila mwezi. Nachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti dagaa vizuri, wavuvi wanapumzika, betri haziletwi. Betri zangu mwenyewe zinajaa mapema, kontrola inapunguza umeme inaoupokea, na uniti za siku zinaporomoka ilhali paneli ni nzima. Ukichanganya siku hizo kwenye wastani utazisingizia paneli bure. Ndiyo maana daftari langu lina safu ya saa betri ilipojaa, kando ya uniti na hali ya anga. Siku ambayo betri ilijaa kabla ya saa tisa alasiri siitumii kuhukumu paneli. Hata mwenye friji ya soda hukutana na jambo hili akifunga duka.

Kuhusu kutabiri, watafiti wana kipimo cha chini kabisa: kesho itakuwa kama leo. Mbinu yoyote ya kisasa, iwe ya picha za setilaiti au ya kompyuta, lazima kwanza ikishinde hicho. Wakati wa kiangazi kipimo hicho hakishindiki kirahisi, maana siku zinafanana, ingawa msijidanganye kwamba anga ni safi: Julai hadi Septemba moshi wa nyasi zinazochomwa hupunguza mwanga, na vumbi linakaa kwenye kioo. Futeni asubuhi, si saa sita kioo kikiwa cha moto.

Mvua zikianza, leo haisemi mengi kuhusu kesho. Wingu la radi huota na kutawanyika ndani ya saa chache, na utabiri wa simu unazungumzia eneo kubwa kuliko paa lako. Mimi hutumia utabiri huo kwa uamuzi mmoja tu: nikisoma siku mbili za mawingu, nazima friji ya biashara mapema jioni ili betri za risasi zisishuke chini ya nusu. Na mvuvi akitaka nimwahidi chaji ya keshokutwa mwezi wa Machi, namwambia alete betri leo.